Mji Mzima Unajua

Jumapili, 5 Januari 1997

Binti yangu Almina kaja na kazi ya shule, na kazi ya Almina kwa kawaida hugeuka kuwa yangu. Mwalimu amewagawia kila mtoto mji mdogo wa Amerika aueleze: watu wake, maduka yake, wanavyoishi. Yeye kapewa mji fulani wa Ohaio wenye makanisa mawili na kiwanda cha jibini. Kainua mkono kasema yeye anaujua mji mdogo mwingine, anakaa ndani yake, kwa nini asieleze huo? Mwalimu kakubali. Basi mimi niandike ninayoyaona dukani, yeye atachagua yanayomfaa. Nimemwambia nitaandika Kiswahili. Kiingereza changu ni cha kuuzia maziwa, cha kusemea moyo sina. Yeye Kiswahili anakisikia chote ila kukijibu, ng'o! Kukisoma atajikongoja.

Haya. Crescent Town ni maghorofa marefu yaliyojipanga duara, yametazamana kama wanawake wanaosengenya. Katikati kuna shule na mahali pa kuogelea, na kuna daraja la juu la kwendea kituo cha treni. Unaweza kukaa humu mwezi mzima hujakwenda Toronto, na Toronto yenyewe iko hapo chini ya daraja. Tuko Wabangali, Wafilipino, watu wa Jamaika, sisi Waismaili tuliotoka Kigoma na Mwanza, na siku hizi Wazaire na Warundi. Duka letu liko chini, karibu na lifti. Mume wangu Jalaludin anauza maziwa na sigara. Mimi nauza unga wa muhogo, dagaa na maneno.

Wa kwanza dukani kila asubuhi ni Donatienne. Tunamwita Mama Iteka kwa jina la binti yake wa miaka minne. Alifika Agosti kutoka Uvira, Zaire, mtoto mmoja mkononi, mwingine tumboni. Mumewe Déogratias alibaki nyuma kumngoja mama yake mguu upone, waje pamoja. Oktoba vita ikaingia Uvira. Tangu hapo ananunua kadi ya simu, anakwenda kwenye simu ya ukutani nje ya mlango wangu, anapiga nambari ya jirani yao. Inalia, hakuna anayepokea.

"Lakini inalia, Mama Almina," ananiambia. "Ingekuwa wamekata waya isingelia."

Kaniomba nimwambie kaka yangu Dilawar, ambaye bado ana duka Kigoma, aulizie. Watu wa Uvira wanavuka ziwa kila siku kukimbilia huko. Nimempigia. Kasema atauliza.

Jumatano, 8 Januari

Theluji. Lifti ya kushoto mbovu tena. Almina anataka kujua kama lifti mbovu ni sehemu ya desturi za mji. Nimemwambia aandike ndiyo.

Jumanne, 14 Januari

Almina, kurasa za kuanzia hapa si zako. Chukua zile za mwanzo, hizi ziache.

Dilawar kapiga simu mchana, kwao usiku umeshaingia. Mama Iteka alikuwa mbele yangu hapo hapo, anachagua vitunguu, anavibonyeza kimoja kimoja kama kawaida yake. Dilawar hana adabu ya simu, anapayuka kana kwamba mlio wake ndio unaovuka bahari. Kasema, "Gulnar, nimempata mama yake yule bwana!" Nikafurahi, nikafungua mdomo nimwite Mama Iteka. Dilawar akaendelea, "Mwenyewe kafa. Tangu Oktoba. Mama kaona kwa macho yake."

Papo hapo nikahamia Kigujarati, nikamwambia kaka yangu apunguze sauti. Mama Iteka akainua uso, akatabasamu, akaniuliza kwa macho, ni kaka? Nikaitikia kwa kichwa. Akangoja. Nilipoweka simu akasema, "Kuna habari?"

"Bado wanatafuta."

Neno hilo lilitoka lenyewe, wallahi sikulituma. Akalipa vitunguu vyake akaenda zake.

Jalaludin kasema mwambie. Nikasema ala, hivi hivi tu, vitunguu mkononi, miguu imemvimba? Sisi kwetu mtu akifa mchana, jioni watu wote wa jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, wameshajua, na wa kwanza kujua ni mwenye msiba. Lakini wao wana taratibu zao. Nikaona nikamuulize mkubwa wao namna ya kusema. Hapo ndipo nilipojifunga.

Mkubwa wao ni Mama Aurore, kiongozi wa akina mama wa kanisa la Wazaire linalosali kwenye ukumbi wa shule. Anafanya kazi kiwanda cha biskuti. Mwanamke mpana, sauti yake ndogo, na ukiisikia unatii. Nikamweleza. Akafumba macho, akaomba kimya kimya, akafumbua.

"Bon," akasema, yaani sawa kwa Kifaransa chao. "Haambiwi."

"Haambiwi vipi?"

"Iko na mimba ya miezi saba. Kwetu mwanamke mwenye mimba haambiwi kifo. Atazaa, atapata nguvu, ndipo tutakwenda wote, tutamkalisha chini, tutamwambia. Habari ya kifo haipewi mtu mwenye kusimama, wala haibebwi na mtu mmoja."

"Na akiniuliza?"

"Utasema bado."

"Mama Aurore, mimi nitamwona kila siku!"

"Na sisi pia," akasema, akanimiminia chai.

Mchungaji Yvan wa kanisa lao naye kasema vivyo hivyo. Nimerudi dukani na siri ya watu wengine.

Jumatano, 15 Januari

Kanunua kadi.

Alhamisi, 16 Januari

Kanunua kadi. Kauliza. Nimesema bado.

Jumatatu, 20 Januari

Baridi ya kukata masikio. Kanunua kadi. Simu ya nje imemgandisha vidole, akaja kuvipasha moto juu ya mashine yangu ya kahawa. Akasema leo imelia mara nyingi kuliko jana, labda kuna mtu alikuwa anakimbilia kuipokea ikakatika kabla hajafika. Nikainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho sikukipoteza.

Jumamosi, 25 Januari

Sasa mji mzima unajua. Sikusema mimi. Mama Aurore kawaambia akina mama wa kanisa ili wamsaidie, akina mama wamewaambia waume zao, mume mmoja anacheza karata na Mjamaika anayesimamia usafi wa jengo. Leo yule Mjamaika kamfungulia Mama Iteka mlango, kavua kofia. Kofia! Mtu ambaye hajapata kumvulia kofia hata mwenye jengo.

Na chakula sasa. Akina mama wa kanisa wanapanda kila siku na masufuria ya sombe, ambayo sisi tunaiita kisamvu, na samaki, na maharage. Wamempa koti, wamempa kitanda cha mtoto. Wanamfulia. Iteka wanampokezana. Mama Iteka kaja kwangu uso unang'aa.

"Mama Almina, kwetu walisema Kanada kila mtu na mlango wake. Uongo! Tazama ninavyopendwa. Déo akifika hataamini."

Nikamwambia nimesahau mchele jikoni. Nikaenda stoo, nikasimama kati ya magunia nikalia kama mtoto. Namchukia Mama Aurore leo. Nasema wazi, namchukia.

Alhamisi, 30 Januari

Almina kasikia mambo shuleni kwa binti wa Kirundi. Wakati wa kula akaniuliza kwa Kiingereza: kwa hiyo kila mtu anajua isipokuwa yeye? Nikamwambia ni kwa ajili ya mtoto tumboni. Akafikiri. Akasema yeye angekuwa ndiye, angetuchukia wote. Baba yake akamwambia ale.

Jumanne, 4 Februari

Jalaludin uzalendo umemshinda. Tangu juzi ameficha kadi za simu chini ya droo. Mama Iteka alipokuja akamwambia zimekwisha, wenye kuleta wamechelewa. Nilimuuliza faida yake nini. Akasema, "Siwezi kumuuzia mtu simu ya kumpigia maiti." Ana roho laini huyu mtu, na roho yake laini ndiyo huwa inatuponza.

Alhamisi, 6 Februari

Mungu wangu. Mungu wangu.

Hakukuwa na kadi kwetu, basi Mama Iteka akajifunga kanga juu ya koti akaenda kuzitafuta maduka ya barabara ya Danforth. Barafu nyeusi, ile isiyoonekana. Kaanguka kwenye ngazi za kushukia barabarani, kaangukia ubavu. Mfilipino mmoja aliyekuwa anatoka kazini ndiye aliyemfunika na koti lake na kupiga simu ya dharura. Nimekuta wanampakia garini. Akanishika mkono, akasema, "Mwambie Mama Aurore amchukue Iteka. Na kadi nimeipata, iko mfukoni."

Jalaludin amekaa juu ya kreti ya maziwa tangu saa nane. Duka tumefunga.

Ijumaa, 7 Februari

Mtoto mzima, moyo unapiga. Mama mzima, ila presha ya damu imepanda, nao madaktari wamemwambia alale, asisimame ovyo, asishtuliwe. Asishtuliwe! Mama Aurore alinitazama waliposema hivyo, nami nikaona anachotaka kusema.

Nikamsubiri kwenye korido ya hospitali. Nikamwambia yote. Nikamwambia mnampikia na kumfulia ili nyie mjisikie wema, na yeye anakwenda kuvunjika kiuno kwenye barafu akimtafuta mtu ambaye nyie nyote mnajua yuko wapi. Nilipaza sauti, nesi akatoka kutazama. Mama Aurore akaniacha nimalize. Ni mtu wa kukuacha umalize, na hilo linaniudhi zaidi.

Kisha akasema, "Mimi waliniambia kazini. Bukavu walinitafuta kwa simu, meneja akaniita, akanipa simu, nikasikia ndugu yangu wote wawili wamekufa. Nilikuwa nasimama. Biskuti zinapita mbele yangu. Watu hawajui la kufanya, mmoja akaniletea kikombe cha maji, mwingine akaniuliza kama nataka kwenda nyumbani mapema. Nilirudi nyumbani na basi, peke yangu, nimevaa kofia ya kiwanda." Akafunga kifungo cha koti lake. "Hakuna mwanamke wangu mwingine ataambiwa vile. Weye ukasirike. Mimi nitakuacha ukasirike."

Tumerudi pamoja kwa treni. Kituo cha Victoria Park aliteleza kidogo nikamshika mkono, na hatukuachiana mpaka kwenye lifti.

Jumatano, 12 Februari

Karudi nyumbani. Kalala. Kanituma kadi.

Jumamosi, 15 Februari

Dilawar kapiga. Safari hii hakupayuka. Kasema, "Kuna mtu anataka kusema nawe." Halafu nikasikia sauti ya mwanamke mzee, Kiswahili cha Uvira, pumzi fupi fupi. Mama yake Déogratias. Kaka yangu alimtoa kambini akamleta dukani kwake, maana kifua kimembana na hali imekuwa mbaya.

Akaniuliza, "Mwanangu, mbona Donatienne hanitafuti? Ananichukia? Mtoto wangu alikufa kwa sababu yangu, ninajua. Mlete kwenye simu nimwombe radhi."

Yaani mama wa watu amekaa miezi yote hii akidhani anachukiwa. Hili sikuliwaza, na Mama Aurore na hekima yake yote hakuliwaza. Nikamwambia kweli: hajui, mama, hajaambiwa, ana mimba, kaanguka, damu imepanda.

"Bon," akasema yule mama, sawasawa na Mama Aurore. "Wamefanya vizuri." Nikasikia analia, kilio cha mtu aliyetua mzigo. "Basi hanichukii."

Akanisimulia. Kila kitu, tangu walivyotoka nyumbani mpaka ziwani, na alichosema Déogratias mwisho. Sitakiandika hapa. Kimetumwa kwa mkewe, siyo kwangu, na siyo kwa karatasi. Mwisho akasema, "Mimi nataka tu nisikie sauti yake. Sitamwambia. Nitazungumza ya mtoto tu."

Nikamwambia apige tena Jumamosi ijayo, nitamshusha Donatienne dukani, au nitapeleka simu juu, nitafanya ninavyojua. Baada ya kuweka simu nikaona hilo haliwezekani. Akiisikia sauti ya mama mkwe atauliza Déo yuko wapi, na yule mama hataweza kuficha. Ni lazima aambiwe kabla ya Jumamosi. Nitamwambia mimi.

Jumapili, 16 Februari

Nimepanda. Ghorofa ya juu, mlango umejaa viatu. Mama Aurore na wenzake wametoka kanisani, wanaimba polepole. Mama Iteka kalala kochini, miguu imeinuliwa, Iteka anamsuka nywele za mbele vibaya vibaya. Akaniona, akasema, "Mama Almina! Njoo uone anavyopiga teke." Akaweka kiganja changu tumboni. Teke kweli. Nikasema, "Huyu mchezaji." Wote wakacheka.

Mama Aurore alikuwa ananitazama. Alijua nimekuja kufanya nini. Hakuinuka, hakunizuia. Hiyo ndiyo inayoniuma, kwamba hakunizuia mtu. Nilifungua mdomo nikakumbuka maneno ya madaktari: asishtuliwe. Nikala walichonipa, nikashuka.

Jumanne, 18 Februari

Kesho.

Jumatano, 19 Februari

Mvua ya barafu. Umeme ulizimika mchana. Nilifika mpaka mlangoni pake, nikasikia amelala.

Ijumaa, 21 Februari

Dilawar kapiga asubuhi. Yule mama amefariki jana. Kesho ndiyo ilikuwa Jumamosi.

Kaka yangu kasema alikuwa ameomba kanga safi kwa mke wa Dilawar, avae kwa ajili ya kuzungumza na Donatienne. Kwenye simu! Nani atamwona kwenye simu? Wamemzika nayo.

Nimemwambia Mama Aurore. Alikaa kwenye ngazi, pale pale katikati ya watu wanaopita. Sikumwambia neno la kumchoma, ingawa nilikuwa nalo tayari. Na mimi je? Nilikuwa na siku tano nzima mkononi mwangu.

Jumamosi, 1 Machi

Almina karudisha kazi yake, kapata alama nzuri. Mwalimu kaandika kwamba mji wetu unaonekana mahali pa watu wanaotunzana. Nimeisoma nikairudisha juu ya friji.

Alhamisi, 6 Machi

Kajifungua mtoto wa kiume. Wote wazima. Jalaludin kagawa pipi dukani, kisha akaenda stoo na hakutoka mpaka nikamfuata.

Nimekwenda kumwona. Nikauliza jina. Mama Iteka akasema, "Jina litamngoja baba yake. Mimi nilimpa Iteka jina, tulikubaliana huyu ni zamu yake." Mtoto anaitwa Bebe.

Jumatano, 12 Machi

Theluji inayeyuka, maji yanatiririka toka kwenye mabalkoni. Mama Aurore kasema Jumamosi tutamwambia. Nimemuuliza: yote mawili? Akasema la, la mume kwanza. La mama mkwe litangoja, ananyonyesha, maziwa yatakauka. Nikasema sawa. Nimechoka mimi, nilisema sawa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeosha uso, nimekaa. Nataka kuandika kama ilivyokuwa.

Tulipanda saa nane mchana. Wanaume na Mchungaji Yvan walibaki kwenye korido. Mwanamke mmoja alimchukua Iteka kwenda kucheza kwangu na Almina. Mwingine aliingia jikoni akatoa visu vyote. Mama Aurore akambeba mtoto, akaketi karibu na Mama Iteka, akamwuliza taratibu, "Umekula?"

Mama Iteka alikuwa anacheka jambo fulani. Akatutazama, mmoja mmoja, wanawake wote wamesimama wamefunga vitambaa. Kwao hakuna asiyejua maana ya kuulizwa hivyo na watu wengi. Cheko likaondoka usoni.

"Nani?" akasema.

"Keti chini, mwanangu."

"Nimeketi. Nani?"

Mama Aurore akamwambia. Alimwambia vizuri, na lazima niseme hivyo. Alisema jina lote, Déogratias, akasema ni wapi na mwezi gani, hakuzungukazunguka. Wanawake wawili walikuwa wameshamshika kushoto na kulia kabla sauti haijamtoka. Na ilipotoka, wote walilia naye, wakateremka naye sakafuni, godoro lilikuwa limeshawekwa. Hakuna aliyemletea kikombe cha maji akasimama pembeni. Nilielewa, hapo nilielewa kwa nini.

Nilikaa karibu na mlango. Muda mrefu ulipita. Kisha Mama Iteka akanyamaza, akajifuta kwa upindo wa kanga, akasema kwa sauti iliyokauka, "Nani alimwona?"

"Mama yake," akasema Mama Aurore. "Alikuwa naye."

"Mama yuko hai?" Akainuka kwa magoti. "Yuko wapi? Nipeni nambari. Nataka kuzungumza na mama."

Nilimtazama Mama Aurore. Akamlaza mtoto begani, akampapasa mgongo.

"Yuko kambini," akasema. "Hajambo. Simu huko hakuna. Baadaye, mwanangu."

"Nitamwandikia basi. Leo leo."

"Baadaye."

"Hapana!" nikasema.

Sikujua kama nimesimama. Kila mtu akageuka. Mchungaji akachungulia mlangoni. Mwenzangu mmoja akanivuta nguo nikaukung'uta mkono wake.

"Hapana, Mama Aurore. Hili siliwezi tena. Mama Iteka, mama mkwe wako amefariki. Mwezi uliopita, Kigoma, nyumbani kwa kaka yangu. Kifua. Alikuwa anataka kusikia sauti yako, nami nilimwahidi, na sikukuita."

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alinitazama hivi, kama mtu anayetafuta uso wa mtu anayemjua.

"Ulijua tangu lini?"

"La mumeo, Januari. Siku ile ya vitunguu."

"Nilikuwa nakuuliza kila asubuhi."

"Ndiyo."

"Ukaniambia bado."

"Ndiyo."

"Na nyie wote? Hata yule anayefagia?" Akawageukia wanawake wa kanisa. "Nilidhani mnanipenda tu, bure," akasema. "Nilikuwa nikilala nawashukuru mmoja mmoja kwa majina." Akaanza kutetemeka. "Najua kwa nini mmefanya. Hata mimi ningefanya. Mama yangu alifanya hivyo kwa dada yangu. Lakini nilikuwa namngoja peke yangu. Mji mzima mmeshazika, mimi peke yangu namngoja!"

Hapo Mama Aurore akalia. Tangu nimjue sijawahi kumwona. Alilia bila sauti, mtoto begani, akisema, "Nisamehe, mwanangu, nisamehe."

Nikageuka kuelekea mlango. Nilijua hapana tena kazi yangu pale.

"Unakwenda wapi?" akasema Mama Iteka. "Mama alizungumza na wewe?"

"Alizungumza."

"Basi kaa. Uniambie vile alivyokuambia. Usipunguze, usinionee huruma. Mmenionea huruma inatosha."

Mama Aurore akasogea kwenye godoro, akanipa nafasi. Nikakaa. Magoti yangu na ya Mama Iteka yaligusana. Nikamweleza kama nilivyosikia. Kwamba walitoka alfajiri, watu wote barabarani. Kwamba mguu wa mama ulikuwa bado, kwa hiyo Déo akambeba mgongoni, kutoka nyumbani mpaka ziwani, mchana kutwa. Kwamba mtumbwi ulikuwa umejaa na wenye mtumbwi wakasema nafasi ni ya mmoja. Kwamba aliingia majini mpaka kifuani akamweka mama ndani, akashikilia ubavu wa mtumbwi akausukuma. Risasi zilikuwa zinatoka mlimani. Mama alimwambia panda, ushike tu, watakuvuta. Yeye akasema atakuja na unaofuata.

"Halafu?"

"Halafu akamwambia mama: ukifika, mwambie Donatienne nimekubeba toka nyumbani mpaka hapa, na sikulalamika hata kidogo."

Mama Iteka aliuma upindo wa kanga.

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mama alisema Déo alikuwa anacheka. Kisha akakaa majini, polepole, kama mtu aliyechoka. Hakuinuka tena."

Jirani wa pembeni alikuwa anaburuta kiti.

"Sikulalamika," akasema Mama Iteka. "Huyo? Huyo mtu alilalamika siku ya harusi yetu, viatu vinambana, mbele ya padri! Alilalamika chumvi, alilalamika jua, alilalamika mama anakoroma." Akanishika mikono yote miwili, akaibana mpaka nikaumia. "Mama alisema nini? Sema kweli, Mama Almina. Kweli hakulalamika?"

Hili sikuwa nimeliandika, wala sikumwambia mtu, hata Jalaludin.

"Mama alisema muongo mkubwa," nikamwambia. "Alisema alilalamika njia nzima. Kwamba mama ni mzito, kwamba anamkaba shingo, kwamba Donatienne yuko Kanada amekaa kwenye kiti chenye joto. Njia nzima, mpaka majini."

Mama Iteka akacheka. Alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, machozi yanamwingia masikioni, na wanawake wa kanisa wakatazamana wasijue wafanye nini. Mtoto akaamka akaanza kulia kwenye bega la Mama Aurore. Mama yake akanyoosha mikono, bado anacheka, bado analia, akasema, "Nipeni. Nipeni huyo, naye anajua kulalamika."